Mvinyo Gani kwa Piza Gani? Majibu kwa Wasomaji wa Malindi na Lamu

Malindi ni mji ambao piza imekwisha kuwa chakula cha wenyeji. Waitaliano walijenga kituo chao cha kurushia setilaiti karibu na Ngomeni katika miaka ya 1960, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini. Waliokuja kikazi walifuatwa na waliokuja kupumzika, baadhi yao wakahamia moja kwa moja, na leo tanuri la kuni la kuokea piza ni jambo la kawaida mjini. Barua tulizozichagua safari hii, ambazo tumezifupisha kidogo, zote zinahusu kinywaji kinachofaa kuandamana na chakula hicho.

Swali: Mimi ni mhudumu katika mkahawa ulio kwenye Barabara ya Casuarina. Kila jioni wageni huniuliza ni mvinyo gani unaofaa piza waliyoagiza. Kwa kuwa situmii kileo na sina nia ya kuanza, huwajibu kwa kukisia: mwekundu kwa nyama, mweupe kwa samaki. Juzi mgeni aliyeagiza Margherita aliukataa mvinyo mwekundu niliompendekezea, ambao ni wa bei ya juu kabisa katika orodha yetu, akisema unamwachia uchungu mdomoni. Je, mtu asiyeonja anaweza kuijua kazi hii? (Mhudumu, Malindi)

Jibu: Anaweza, ndugu yangu, na huenda akaifanya vizuri kuliko mnywaji anayempendekezea kila mgeni kile akipendacho yeye mwenyewe. Unachohitaji ni kujua jinsi uchachu, mafuta, chumvi na pilipili vya kwenye piza vinavyokutana na uchachu, ukakasi, utamu na nguvu ya kileo iliyomo ndani ya mvinyo, na mengi ya hayo unaweza kujifunza kwa ulimi wako bila kugusa tone la kileo.

Chemsha chai ya rangi yenye majani mengi, uyaache majani humo kwa robo saa, kisha unywe funda moja bila sukari. Ule ukavu unaoushika ulimi na ufizi, ambao mtu wa Pwani anaujua tangu utotoni kwa kula bibo, ndio ukakasi wa tanini. Mvinyo mwekundu huupata kutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na wakati mwingine kutoka kwenye mbao za pipa ulimohifadhiwa. Sasa tafuna kipande cha jibini, kisha unywe funda la pili. Utaona ukakasi umepungua, kwa sababu tanini imepata protini ya jibini ya kushikana nayo, nayo imeyaacha mate yako. Mwisho, kula kijiko cha sosi ya nyanya isiyo na jibini, unywe funda la tatu, na utasikia ukakasi ule ukirudi kwa nguvu, kwa kuwa uchachu huuzidisha.

Funda hilo la tatu ndilo lililompata mgeni wako. Margherita ni piza ya nyanya kwanza na jibini baadaye. Ile ya Napoli, ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea masharti rasmi mwaka 2010, haizidi upana wa sentimita 35, ukingo wake huinuka sentimita 1 hadi 2, nayo huiva kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri lenye joto la takribani digrii 485. Kwa muda mfupi hivyo nyanya haiwahi kukauka wala uchachu wake hauwahi kutulia. Itazame inapotoka tanurini: ukingo una malengelenge meusi, mozarela imeyeyuka kwa mabaka mabaka, na katikati pana kidimbwi cha maji ya nyanya yaliyochanganyika na maji ya jibini na mafuta ya zeituni. Chakula chenye majimaji na uchachu kiasi hicho hakitaki mvinyo mzito uliokaa miaka kwenye pipa, hata uwe wa bei gani. Kinataka mvinyo wenye uchachu unaolingana na wa nyanya na wenye ukakasi mdogo. Ukichagua mvinyo ambao uchachu wake ni hafifu kuliko wa nyanya, utaonekana umepoa na kukosa ladha. Ukichagua wenye tanini nyingi, utakuwa mchungu.

Kwa hiyo, mgeni akiagiza Margherita, tafuta kwanza Barbera katika orodha yenu. Ni zabibu ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, na sifa yake kubwa ni kwamba ina uchachu mwingi na tanini kidogo, jambo lisilo la kawaida kwa zabibu nyekundu. Ikikosekana, Chianti ya kawaida itafaa, kwa sababu Sangiovese, zabibu kuu ya Toscana inayotumika kuitengeneza, nayo ina uchachu mzuri; lakini mpe ile changa, uiache ile iliyokaa muda mrefu kwa ajili ya nyama choma. Wenyeji wa Napoli wana mvinyo wao uitwao Gragnano, mwekundu, mwepesi, wenye mapovu kidogo, unaotoka kwenye vilima vya rasi ya Sorrento na kunywewa ukiwa baridi. Si rahisi kuupata huku kwetu, ila ukiuona kwenye orodha ya muagizaji wenu, mshauri mwenye mkahawa auchukue, kwani sijui mvinyo mwingine unaoifaa piza ya Napoli na joto la Malindi kwa wakati mmoja namna hiyo. Nikiwa katika habari hizo, usishangae Mwitaliano akikataa mvinyo wote na kuagiza bia. Kwao ni desturi ya kawaida kabisa kula piza kwa bia.

Piza ya Marinara haina jibini hata kidogo, bali nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta. Kwa kuwa hakuna cha kuituliza tanini, mimi huipendekezea mvinyo mweupe mkali kidogo kama Falanghina, au ule wa rangi ya waridi usio na utamu, kuliko mwekundu wowote.

Piza ya jibini nne ni kinyume chake. Mara nyingi haina nyanya, ila imejaa mafuta na chumvi, hasa ikitiwa Gorgonzola, jibini ya Italia yenye ukungu wa buluu. Hapa wengi hukimbilia mvinyo mwekundu mzito wakidhani uzito unataka uzito. Mimi naona wanakosea. Mafuta yakishautanda ulimi, kinachohitajika ni kitu cha kuuosha, na hicho ni uchachu pamoja na mapovu. Prosecco, yaani mvinyo mweupe wa Italia wenye mapovu, au mvinyo mweupe wa Chenin Blanc kutoka Afrika Kusini, ambao hupatikana kwa urahisi madukani, utamfanya mgeni akirudie kipande cha pili kwa hamu. Chumvi ya Gorgonzola inapenda utamu pia, kwa hiyo mvinyo wenye utamu kidogo hautaharibu kitu.

Basi ile kanuni yako ya nyama na samaki iweke kando, na kabla ya kupendekeza chochote jiulize maswali mawili: je, sosi ni ya nyanya au haina nyanya, na je, ina pilipili? Ukishayajibu hayo, utakuwa umekwisha kumaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuisoma orodha yenu na kumuuliza muagizaji, kwa kila chupa, uchachu wake ukoje na ukakasi wake ukoje, na kuyaandika majibu yake kwenye daftari lako.

Swali: Napika katika nyumba ya wageni Watamu. Tumepokea kundi kutoka Marekani linalotaka piza nene za kwao, zenye nyama na soseji, na baadhi yao wanataka pilipili nyingi. Mwenye nyumba ameniambia nichague na mvinyo. Nianzie wapi? (Mpishi, Watamu)

Jibu: Anza kwa kuwauliza wanatoka mji gani, kwa sababu piza nene za Marekani hazifanani. Ile ya Chicago, iliyoanzia Pizzeria Uno mwaka 1943, huokwa ndani ya sufuria yenye kingo ndefu. Jibini hutandazwa chini juu ya unga, nyama hufuata, na sosi ya nyanya humiminwa juu kabisa ili jibini isiungue, kwa kuwa hukaa tanurini nusu saa na zaidi. Ile ya Detroit, iliyoanza mwaka 1946, ni ya pembe nne, na trei zake za chuma zilitoka kwenye viwanda vya magari vya mji huo; jibini yake husukumwa hadi ukingoni ili ikaangike na kuwa gamba la kahawia. New York, ambako mkahawa wa Lombardi's ulianza kuuza piza mwaka 1905, hupendelea piza pana na nyembamba inayokunjwa kwa mkono, na hiyo unaweza kuihesabu karibu na Margherita yenye jibini zaidi.

Kwa Chicago na Detroit, hapa ndipo mvinyo mwekundu wenye mwili, yaani ulio mzito mdomoni, hupata kazi yake. Nyanya iliyokaa motoni muda mrefu imekuwa tamu, jibini ni nyingi, na mafuta ya soseji yamezama ndani ya unga, kwa hiyo tanini ina cha kushikana nacho. Zinfandel ya California itawafurahisha kwa kuwa ni yao, na kama huipati, Primitivo ya kusini mwa Italia ni zabibu ileile, jambo lililothibitishwa kwa vipimo vya vinasaba. Nero d'Avola ya Sicilia ni chaguo zuri vilevile. Katika rafu za Mombasa na Malindi utakayoiona zaidi ni mivinyo ya Afrika Kusini, na humo Shiraz inafaa, pamoja na Pinotage, zabibu iliyozalishwa huko mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Pinotage ina harufu ya moshi kidogo, nayo hupatana vizuri na nyama ya ng'ombe iliyokolezwa viungo.

Kuhusu pilipili, naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo karamu nyingi huharibika. Kileo huongeza moto wa pilipili mdomoni, na ukakasi huufanya ule moto uchome zaidi. Mvinyo mwekundu wa asilimia 14 au 15 ukinywewa pamoja na piza yenye pilipili kali na soseji ya viungo utamfanya mgeni aombe maji, asiusikie mvinyo wala chakula. Kwa meza hiyo weka Lambrusco yenye utamu kidogo, ambayo ni nyekundu, ya baridi na yenye mapovu, kutoka Emilia-Romagna. Au mvinyo mweupe wenye sukari kiasi na kileo kidogo, kama Moscato d'Asti, ambayo haizidi sana asilimia 5. Usikubali mtu akuambie kwamba mvinyo wenye utamu ni wa wasiojua kunywa. Utamu mbele ya pilipili una kazi maalumu, na kazi hiyo hakuna kingine kinachoifanya vizuri zaidi.

Swali: Mume wangu huokea wageni wa nyumba yetu piza ya kamba, ngisi na pweza. Mgeni mmoja alikunywa mvinyo mwekundu akalalamika kwamba kamba wamechina na wana ladha ya chuma, ilhali walivuliwa asubuhi ileile. Tulikosea wapi? (Msomaji, Lamu)

Jibu: Dada yangu, kamba wenu hawakuwa na ila yoyote. Mvinyo mwekundu huwa na madini ya chuma, ingawa kiasi hutofautiana kati ya chupa na chupa, na madini hayo yanapokutana na mafuta ya viumbe wa baharini huzalisha papo hapo ile ladha ya chuma na shombo ambayo mgeni aliidhania kuwa ni ya kuchina. Kadiri chuma kilivyo kingi ndivyo shombo linavyozidi, na kwa kuwa lebo ya chupa haikuambii ni kiasi gani, salama ni kuuepuka mwekundu kabisa mbele ya piza ya aina hiyo.

Wekeni mvinyo mweupe usio na utamu. Vermentino, ambayo hulimwa sana Sardinia na kwenye mwambao wa Liguria, ina ladha inayokaribiana na chumvi na imezoea samaki tangu kale. Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini ni rahisi zaidi kupatikana, na uchachu wake hufanya kazi ileile ambayo ndimu hufanya juu ya pweza. Ningemshauri pia mumeo apunguze jibini au aiache kabisa. Waitaliano wengi hawaweki jibini juu ya vitu vya baharini, na wana sababu: mozarela hufunika utamu wa kamba. Nyanya kidogo, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na mrehani vinatosha, na kamba watiwe dakika za mwisho.

Akitaka kujaribu sosi ya tui la nazi badala ya nyanya, kama baadhi ya majiko ya mwambao yanavyofanya, basi uchaguzi unabadilika. Tui zito ni tamu na lina mafuta, nalo huufanya mvinyo mkali uonekane mkali zaidi. Chenin Blanc iliyoiva vizuri, yenye harufu ya matunda na chembe ya utamu, itapatana nalo.

Swali: Nyumbani kwetu Shella, hapa Malindi, hatutumii kileo, lakini tunapenda piza na tunachoka kunywa soda. Je, elimu hii ya kuoanisha ina faida yoyote kwetu? (Mama wa watoto wanne)

Jibu: Ina faida kubwa, mama, kwa sababu kanuni ni zilezile. Kwa piza ya nyanya, tengeneza maji ya ukwaju yenye sukari chache kuliko mlivyozoea. Uchachu wake unasimama sawa na nyanya, na una ukakasi kidogo unaopendeza pamoja na nyama. Kwa piza ya jibini nyingi, kamua ndimu ndani ya maji ya soda yasiyotiwa sukari, uongeze tangawizi iliyosagwa, na mapovu yataosha mafuta ulimini. Pasheni inafaa samaki. Piza yenye pilipili ipewe madafu baridi au maji ya embe, kwa kuwa utamu hutuliza. Soda za kawaida hushindwa kwa sababu ya sukari nyingi, ambayo humfanya mtu aione nyanya kuwa chachu kupita kiasi.

Swali: Sisi wa Marafa tunao mnazi. Je, unaweza kuandamana na piza? (Msomaji, Marafa)

Jibu: Unaweza, ndugu, ila saa ndiyo inayoamua. Mnazi huanza kuchacha mara tu unapotoka kwenye karara. Uliogemwa asubuhi, ukinywewa kabla ya adhuhuri, una utamu na mapovu madogo, na huo naupeleka kwa piza ya pilipili bila kusita. Wa jioni umepungua utamu na kuongeza ukali, kwa hiyo mpe piza ya jibini. Uliolala hadi kesho yake umeelekea kuwa siki, na mahali pake ni kwenye bakuli la vitunguu vilivyokatwa vyembamba, ambavyo vikikaa humo kwa saa moja vitaipamba vizuri piza ya nyama ikitoka tanurini.

Swali: Nimenunua mvinyo mwekundu mzuri, nikaufungua barazani saa tatu za usiku, ukanuka kileo tupu. Muuzaji anasema mwekundu haupozwi. Ni kweli? (Msomaji, Malindi)

Jibu: Si kweli kwa mji wetu. Agizo la kuunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba lilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambazo ndani yake huwa na digrii 15 hadi 18. Baraza la Malindi usiku wa Februari linaweza kuwa na digrii 28, na katika joto hilo kileo hupanda puani na kuifunika harufu ya matunda. Utie kwenye friji kwa nusu saa kabla ya piza kutoka tanurini, na kama ni mwepesi kama Barbera, uache dakika kumi zaidi. Mweupe unahitaji digrii 8 hadi 10. Njia ya haraka ni ndoo yenye barafu iliyochanganywa na maji, si barafu peke yake, kwa sababu maji huigusa chupa pande zote. Usiihifadhi chupa juu ya friji wala karibu na tanuri, bali kwenye kabati la chini lisilopigwa na jua. Ikibaki nusu, izibe vizuri na uirudishe kwenye friji hata kama ni nyekundu, uimalize ndani ya siku tatu. Baada ya hapo itumie kwenye sosi ya nyama.